Bega Lililougua Ghafla: Historia ya Kuutafuta Ugonjwa wa Neva, Kutoka Kambi za Vita Hadi Ziwa Victoria

Ugonjwa huu hauna hodi. Mtu amelala mzima, saa nane za usiku anaamshwa na maumivu ya bega makali kiasi kwamba halali ubavu wowote wala hakai. Hakuanguka, hakubeba gunia la pamba, hakugombana na mtu. Siku ya kwanza anapakwa dawa ya kuchua. Siku ya tatu anapelekwa zahanati, anachomwa sindano, anarudi nyumbani vilevile. Ikifika wiki ya pili, katika vijiji vingi vya wilaya ya Magu, kando ya Ziwa Victoria mkoani Mwanza, kuanzia Nyanguge hadi Kahangara, wazee wa familia wanaanza kuulizana kama si vyema kumwona mganga, maana maumivu yasiyo na chanzo hutafutiwa aliyeyatuma.

Baada ya wiki kadhaa maumivu yanapoa yenyewe. Aliyetibu mwisho ndiye anayeondoka na sifa, awe mganga wa chale au tabibu wa sindano. Kisha mgonjwa, akijua amepona, ananyoosha mkono kutundika jembe au kuvuta wavu, na mkono unagoma kupanda. Nyama za bega zimeanza kusinyaa. Mwambie asimame akiutazama ukuta, ausukume kwa viganja viwili, halafu pita nyuma yake: upande mmoja mfupa wa bega umetulia mahali pake, upande wa pili umeinuka na kutokeza nje chini ya ngozi, kwa sababu msuli unaoushikilia mbavuni hauletewi tena amri.

Tatizo halimo kwenye mfupa wala kwenye kiungo. Limo kwenye mishipa ya fahamu, au neva kama wanavyosema hospitalini, inayotoka shingoni na kupita chini ya mtulinga kwenda begani na mkononi. Madaktari wanauita ugonjwa wa Parsonage na Turner. Historia ya kuujua ni ndefu, na imepita kwenye vita, kwenye maabara za sumaku na kwenye vyumba vya madaktari wa kawaida. Yapo ndani yake mambo yanayomhusu mtu wa Magu kuliko anavyodhani.

Vita na mabega ya askari

Dalili zake zilianza kuandikwa Ulaya katika miaka ya 1880, mgonjwa mmoja hapa, wawili pale. Julius Dreschfeld, daktari wa Manchester, ni miongoni mwa waliotangulia. Mwaka 1897 Feinberg aliandika juu ya mtu aliyepooza mkono baada ya kuugua mafua makali. Taarifa hizo zilikaa zimetawanyika kwenye majarida, kila daktari akidhani mgonjwa wake ni wa pekee.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ndiyo iliyowakusanya wagonjwa mahali pamoja. Jeshi lilikuwa na vijana maelfu kwa maelfu, wote wana mafaili, wote wanapimwa, na anayeshindwa kuinua bunduki haachwi bila kuulizwa. Mwaka 1942 madaktari wa kikosi cha New Zealand waliandika juu ya askari walioshikwa na maumivu ya bega na kufuatiwa na udhaifu. Mwaka 1943 John Spillane, daktari kutoka Wales, alitoa katika jarida la Lancet taarifa ya wagonjwa 46 aliowaona katika majeshi ya Uingereza ya Mashariki ya Kati.

Miaka hiyohiyo vijana wa Tanganyika nao walikuwa wamevaa sare. Askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, walipigana Ethiopia mwaka 1941, wakapelekwa Madagaska mwaka 1942, na mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa ikishuka na bonde la Kabaw, Burma, katika mvua na matope. Wengine walichukuliwa kama askari wa kazi, kazi yao kubeba, kuchimba na kujenga. Usukuma, ambako Magu ipo, iliyokuwa na watu wengi kuliko maeneo mengi ya nchi, ilitoa vijana wake. Kwao bega lilikuwa ndilo chombo cha kazi, na maumivu ya bega hayakuwa na sababu ya kumshangaza mpimaji.

Tarehe 26 Juni 1948, Lancet lilichapisha makala ya Maurice Parsonage na John Aldren Turner. Walikuwa wamekusanya wagonjwa 136, wengi wao wanajeshi. Walichokigundua kilitokana na kuwasikiliza kwa mpangilio uleule, mmoja baada ya mwingine. Maumivu hutangulia, udhaifu hufuata. Wengi walikuwa wametoka kuugua kitu kingine, au kufanyiwa upasuaji, au kuchanjwa. Wengine walishikwa wakiwa tayari wamelazwa kitandani, kwa hiyo haikuwezekana kulaumu mzigo wala jeraha. Misuli inayoathirika haifuati ramani ya mzizi mmoja wa neva shingoni: mmoja amepooza, jirani yake mzima kabisa.

Hawakuwa na picha hata moja ya neva iliyougua. Eksirei, iliyogunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895, inaonyesha mfupa. Neva huipita kana kwamba haipo. Walikuwa na mikono yao, sindano ya kupima hisia za ngozi, na maswali. Maelezo yao ya mwaka 1948 bado yanafundishwa.

Ziwa lilivyojifunza kuuliza

Pwani za Ziwa Victoria zina historia yake ya magonjwa ya mfumo wa fahamu, na inafaa kusimuliwa sambamba na hii, kwa kuwa hapo ndipo tunapoona chombo cha kupimia kinaweza kufanya nini na hakiwezi nini.

Mwanzoni mwa karne ya 20 malale ilikuwa ikiua watu kwa malaki kandokando ya ziwa upande wa Uganda. Mwaka 1903, Entebbe, Aldo Castellani alitazama kwa hadubini maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa na kuvikuta humo vimelea. Mwaka 1906 Robert Koch, aliyekwisha kupata Tuzo ya Nobel, alifika Mwanza na msafara wake wa utafiti kabla ya kuhamia visiwa vya Sese. Hapo hadubini ilishinda: mdudu alionekana, na ubishi ukaisha.

Mwaka 1985 ukaja ugonjwa ambao hakuna hadubini iliyouona. Katika ukame wa mwaka ule, wilayani Tarime, kaskazini mwa Magu, watoto na kina mama walianza kupooza miguu ghafla. Mtu alilala mzima, akaamka miguu imekakamaa. Hawakuwa na homa, wala haikuwa polio. Glen Brubaker wa hospitali ya Shirati, William Howlett wa hospitali ya KCMC, Moshi, Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe, na Hans Rosling aliyekuwa ameona jambo kama hilo Msumbiji mwaka 1981, waliufuatilia hadi jikoni. Waliuliza watu wanakula nini, na unga unaandaliwaje. Njaa ilikuwa imewafanya watu wafupishe siku za kuandaa muhogo mchungu, na sumu ya sianidi ikabaki ndani ya unga. Ugonjwa ulikuwa konzo.

Miaka michache baadaye wagonjwa wawili wa konzo walipigwa picha za ubongo na uti wa mgongo kwa MRI, mashine ya sumaku. Picha zilitoka safi. Miguu imekakamaa maisha yote, na mashine ya bei kubwa haina la kusema. Taarifa hiyo ilichapishwa mwaka 1993. Mwaka huohuo, London, kundi lingine lilitangaza kwamba MRI inaweza kuonyesha neva yenyewe.

Sumaku inapofika kwenye neva

Safari ya kufika huko ilianza mbali. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley, London, mgonjwa wa kwanza alipigwa CT scan kwa mashine ya Godfrey Hounsfield, na madaktari wakaona ndani ya fuvu bila kulifungua. Mwaka huohuo Mwanza ilipata hospitali yake kubwa, baada ya kazi ya miaka ya Kanisa Katoliki na wafadhili wake: Bugando ilifunguliwa juu ya kilima chake mwaka 1971, na mpaka leo mgonjwa wa Magu, Geita, Mara au Shinyanga akiambiwa "nenda rufaa", mara nyingi ndiko anakopelekwa.

Mwaka 1973 Paul Lauterbur wa Marekani alichapisha picha ya kwanza iliyotengenezwa kwa sumaku na mawimbi ya redio. Peter Mansfield wa Nottingham akaiharakisha kwa hesabu, na mwaka 2003 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel. MRI haitumii mionzi ya eksirei. Inazitikisa chembe za hidrojeni zilizomo kwenye maji na mafuta ya mwili, kisha inasikiliza zinavyorudi mahali pake. Nyama, mafuta na maji hurudi kwa kasi tofauti, na tofauti hizo ndizo zinazogeuzwa kuwa picha.

Neva ilikuwa ngumu kupata. Ni nyembamba, imepinda, na imezungukwa na mafuta yanayong'aa kwenye picha hadi kuifunika. Aaron Filler, daktari wa upasuaji kutoka Marekani, akifanya kazi na Franklyn Howe na wenzao katika chuo cha hospitali ya St George's, London, walifanya mambo mawili. Kwanza waliyazima mafuta, yaani waliipanga mashine isiyasikilize. Pili waliipanga ichague maji yaliyomo ndani ya nyuzi za neva, ambayo hutembea kufuata urefu wa neva zaidi kuliko kukata upana wake. Walianza na sungura, wakafika kwa binadamu, na mwaka 1993 wakachapisha katika Lancet. Kipimo hicho ndicho MRI ya neva. Mashine ni ileile ya MRI. Kilichobadilika ni maelekezo inayopewa na jicho la anayeisoma.

Hata hivyo bega halikutoa siri yake mara moja. Kwa miaka mingi MRI ilitumika zaidi kuondoa shaka nyingine: kuona kama diski ya shingo imebana mzizi, kama kano ya bega imechanika, kama kuna uvimbe juu ya pafu. Mwaka 2006 Cree Gaskin na Clyde Helms walichapisha picha za wagonjwa 27 wa ugonjwa huu. Walichokiona ni alama za neva kwenye misuli, hawakuiona neva yenyewe: msuli uliokatiwa mawasiliano hujaa maji na kung'aa, kisha husinyaa na kujazwa mafuta. Karibu wote walikuwa na alama hiyo kwenye misuli miwili ya juu na nyuma ya mfupa wa bega, ambayo inalishwa na neva moja.

Mashine zilipoongezewa nguvu, wataalamu waliweza kuifuata neva moja moja. Darryl Sneag na wenzake wa Hospital for Special Surgery, New York, kati ya mwaka 2017 na 2018 walitoa matokeo yaliyosahihisha fikra ya miaka mingi. Ugonjwa ulikuwa ukielezwa kama uvimbe wa fundo zima la neva lililo kati ya shingo na kwapa. Picha zilionyesha kwamba kwa wagonjwa wao wengi fundo lenyewe lilikuwa zima. Kilichougua ni tawi moja au machache baada ya kutoka kwenye fundo. Na mahali pengine tawi hilo lilikuwa limebanwa katikati kama kiuno cha nyigu: limevimba juu, limevimba chini, na kati yake limekuwa jembamba. Hakuna mfupa wala kano iliyolibana kutoka nje. Limejisokota lenyewe. Madaktari wa upasuaji wa Japani walikuwa wameviona viuno hivyo kwa macho miaka ya 1990, lakini baada ya kupasua tu. Sasa vingeweza kuonekana kabla ya kisu.

Hilo si jambo la kuwafurahisha wasomi tu. Wagonjwa wengi hupata nafuu polepole: Peter Tsairis na wenzake waliowafuatilia wagonjwa 99 waliripoti mwaka 1972 kwamba wengi mno walirudiwa na nguvu ndani ya miaka mitatu. Uchunguzi wa Nens van Alfen na Baziel van Engelen wa Nijmegen, Uholanzi, juu ya watu 246 mwaka 2006, ulipunguza matumaini hayo, ukaonyesha wengi wakibaki na maumivu na udhaifu kwa miaka. Kwa yule ambaye miezi inapita na msuli haujaamka, kujua kwamba neva yake imejisokota, na ni mahali gani hasa, kunaweza kuamua kama apasuliwe au aendelee kusubiri.

Daktari wa kijiji aliyefundishwa swali moja

Katika historia yote hii, tukio ninaloliona kubwa kwa wilaya kama Magu halikuhusu mashine. Kwa miaka mingi vitabu vilisema ugonjwa huu humpata mtu mmoja hadi watatu kati ya laki moja kwa mwaka, yaani ni nadra. Watu wa Nijmegen hawakuamini. Walikwenda kwenye vituo viwili vya afya ya msingi vyenye watu 14,118, wakawafundisha madaktari wa kawaida kuutambua, kisha wakahesabu kwa mwaka mmoja. Walipata wagonjwa 14. Ni mtu mmoja kati ya elfu moja, maradufu mengi ya kilichoandikwa. Matokeo yalitoka mwaka 2015. Ugonjwa haukuwa umeongezeka. Madaktari walikuwa wameanza kuuliza: maumivu yalianzaje, usiku au mchana, na udhaifu ulikuja lini?

Wilaya ya Magu ina watu zaidi ya laki nne. Kama kiwango cha huku kinakaribia kile cha Uholanzi, basi kila mwaka mamia ya watu kati ya Kisesa na Magu mjini wanaamshwa na bega hilo, na wanahesabiwa chini ya majina mengine: baridi yabisi, bega gumu, shingo, jini.

Sababu za ugonjwa nazo zinatugusa. Inaaminika kinga ya mwili huishambulia neva kwa makosa baada ya kuchokozwa na maambukizi, chanjo, upasuaji au kazi nzito ya mkono. Katika familia chache ni wa kurithi, na jeni yake, SEPT9, ilitambuliwa mwaka 2005. Mwaka 2014 Jeroen van Eijk na wenzake walionyesha kwamba karibu mgonjwa mmoja kati ya kila kumi waliowapima alikuwa na homa ya ini aina ya E wakati bega lilipoanza kuuma. Afrika Mashariki inaijua homa hiyo: huko Kitgum, kaskazini mwa Uganda, kuanzia mwaka 2007 waliiugua watu zaidi ya elfu kumi kwa sababu ya maji machafu. Aina ya kirusi iliyoenea huko ni tofauti na ile ya Ulaya, hata hivyo tabibu anayekutana na bega la ghafla anayo sababu ya kuuliza pia kama macho yaligeuka njano na maji ya kunywa yanatoka wapi.

Kutoka Nyanguge hadi kilima cha Bugando

Mgonjwa wa Magu hupanda ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, Sekou Toure mjini Mwanza, kisha Bugando. Ni kilomita zipatazo 60 kutoka Magu mjini hadi Mwanza, na kila ngazi ina nauli yake, na siku za kuacha shamba au mtumbwi. Bugando ina MRI. Lakini kuwa na mashine na kupata picha ya neva ni mambo mawili. Daktari wa radiolojia huipanga mashine kulingana na alichoombwa. Akiombwa "MRI ya shingo, maumivu", atapiga shingo, atakuta diski zilizochakaa kidogo kama alizonazo mkulima yeyote wa miaka 45, na mgonjwa atarudi nyumbani na ugonjwa wa diski asiokuwa nao. Kuna waliopasuliwa shingo, duniani kote, kwa kosa hilo.

Altrasaundi nayo ina nafasi yake. Tangu miaka ya 1980 wataalamu wamekuwa wakiitumia kutazama neva, na katika muongo uliopita Zsuzsanna Arányi wa Budapest na wenzake wameonyesha kwamba kwa kifaa cha mawimbi ya masafa ya juu uvimbe na viuno vya neva za mkono huonekana bila sumaku. Altrasaundi ipo hadi hospitali za wilaya, ingawa nyingi zimepangwa kwa ajili ya mimba na tumbo. Kipimo cha umeme wa misuli kinasaidia pia, lakini kikifanywa mapema mno, kabla ya wiki tatu hivi, kinaweza kutoka safi na kupoteza watu njia.

Tiba ya mwanzo haihitaji kilima. Ni dawa za kutosha za maumivu, pengine prednisoloni ikianzwa mapema kwa uamuzi wa daktari, mkono upumzishwe mzigo lakini usifungwe ukakauka, na fiziotherapia ya kuufundisha mfupa wa bega kukaa mahali pake. La muhimu kuliko yote ni kumwambia mgonjwa ukweli: neva inaota upya polepole mno, miezi itapita, na hakurogwa.

Parsonage na Turner walifika walikofika bila picha. Watafiti wa Tarime walipata jibu la konzo kwa kuuliza juu ya unga. Nijmegen waliuona ugonjwa mara nyingi zaidi kwa kuwafundisha madaktari swali. New York waliiona neva iliyojisokota kwa sababu walijua waitafute tawi gani. Kwa hiyo kazi kubwa ya picha hiyo ya kisasa inafanyika mapema sana, kwenye fomu ya rufaa. Tabibu wa Nyanguge akiandika "maumivu ya ghafla usiku, wiki ya tatu udhaifu, mfupa wa bega umetokeza, hakuna jeraha", amemwonyesha daktari wa radiolojia wa Bugando neva ya kutafuta. Akiandika "bega linauma", hata mashine bora ya New York isingemsaidia mgonjwa wake.